Hewa Iliyojaa Pole

Watu wakiniuliza kwa nini nilijitoa kwenye kamati ya mtandao wa redio, nawajibu kwamba kazi za dukani zilinizidi. Ni uongo, na wengi wao wanajua ni uongo, maana duka langu ni la steshenari na fotokopi hapa Mshangano na mchana mzima nakaa nikipigana na usingizi. Nilijitoa kwa hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Mama yangu aliishi kijijini, mbele ya Mpitimbi, kwenye bonde ambalo simu haishiki. Ukitaka kupiga simu ulipanda mlima hadi kwenye kichuguu kimoja kikubwa, ukasimama juu yake na kugeukageuka huku umeinua mkono mpaka simu ikuonee huruma. Mama alikuwa na presha ya miaka mingi, na daktari alishatuambia kwamba sasa moyo wenyewe umechoka, akizidiwa asicheleweshwe. Nikamwomba ahamie kwangu. Alikuja, akakaa muda mfupi akilalamika kwamba mboga za sokoni zimelala, akarudi kwenye likolo lake alilochuma mwenyewe nyuma ya nyumba. Aliniambia yeye si gunia la mahindi mpaka awekwe stoo. Mdogo wangu wa kiume akabaki naye, nami nikabaki mjini na wasiwasi wangu.

Kwa hiyo habari za mradi wa redio zilipofika parokiani, wenzangu walisikia teknolojia, mimi nilisikia jambo moja tu: siku hali ya mama ikibadilika, mdogo wangu ataniambia saa ileile, na mimi nitatafuta gari. Sikutaka kingine chochote kutoka kwenye mtandao ule. Waliponichagua kuwa katibu, kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta, nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Mradi uliletwa na fundi kijana kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye begi mgongoni. Alitandaza vifaa vyake kwenye meza ya ukumbi wa parokia: vijiredio vidogo vya kuenea kiganjani, kila kimoja na antena yake. Kijiredio hakihitaji laini wala bando. Unakiunganisha na simu yako, unaandika ujumbe mfupi, nacho kinaurusha kwa mawimbi yanayokwenda mbali, kilima hadi kilima, hata pasipo na mnara wa kampuni yoyote. Akasema ameleta mifumo miwili, na kazi ya kamati ni kuchagua mmoja, kwa sababu hiyo miwili haisikilizani.

Katika mfumo wa kwanza, kila redio ni mpokezi na mrushaji. Redio yako ikisikia ujumbe, hata kama si wako, inausema tena ili wa mbele asikie, naye wa mbele anausema tena. Katika mfumo wa pili, redio za watu zinakaa kimya. Wanaorudia ujumbe ni redio chache tu zilizopandishwa juu ya milima na kwenye minara, na ujumbe ukishajua njia yake unapita njia hiyohiyo.

"Wazee wangu, nisiwafiche," alisema yule fundi. "Hewa yenyewe ni moja. Ni kama kisima chenye ndoo moja. Mmoja akichota, wengine wanasubiri. Wakichota kwa pamoja, maji yanamwagika, hakuna anayepata."

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa ukumbini, mimi nikiwemo, na tulikuwa bado tunamwita Mwalimu kwa woga uleule wa darasani. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua tayari alikuwa ameshaamua.

"Huu wa kwanza ndio wa kwetu," alisema. "Kila mtu anabeba neno la mwenzake. Huu wa pili una mabwana wachache wamekaa mlimani, sisi huku chini tunawategemea. Penye wengi hapaharibiki neno."

Ukumbi ukapiga makofi. Nikasimama, nikasema kwamba bonde la kwetu limezungukwa na vilima, na kwamba redio moja iliyowekwa vizuri juu itafaa kuliko ishirini zilizo mifukoni mwa watu. Mwalimu akaniuliza kwa upole nani atapanda mlima masika kuiangalia, na sola yake italindwa na nani isiibiwe. Hayo yalikuwa maswali ya haki, sikatai. Lakini hakuyauliza ili yajibiwe. Aliyauliza ili nikae, na mimi nikakaa, maana hata leo Mwalimu akikutazama hivyo unakumbuka fimbo. Mikono ikainuliwa, mfumo wa kwanza ukapita.

Fundi akajaribu tena. Alisema basi hata kwa mfumo huo tugawe njia mbili, moja ya mazungumzo na moja ya dharura. Mwalimu akacheka.

"Kijana wangu, hapa kwetu wanaoongea pembeni ni wasengenyaji. Njia iwe moja, sote tusikie."

Wakacheka wote, na njia ikawa moja. Fundi aliandika kitu kwenye simu yake, akanyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomchukia Mwalimu kwa kusema. Yeye ndiye aliyejua.

Jaribio lilifanyika kiangazi, mashamba yamechomwa, majani yamepukutika, na redio zilizowashwa zilikuwa chache. Mdogo wangu aliandika kutoka bondeni kwamba mama anatusalimu, na ujumbe ukatua Mshangano kabla hatujamaliza kuzungumza. Watu walishangilia. Nami nilishangilia, tena nilitoka nje nikafuta machozi. Nilidhani nimeshinda.

Kisha redio zikagawiwa kwa viongozi wa jumuiya, wenyeviti wa vitongoji, makatekista, wakunga, wenye maduka, na hapo salamu zikaanza.

Ninajua jinsi tulivyolelewa, na mimi ni mtoto wa malezi hayo. Kwetu huanzi kusema na mtu kabla hujamsalimu, na salamu haiachwi ikining'inia. Alfajiri mmoja aliandika, "Shikamooni wazee wote." Ndipo wazee, mmojammoja, kila mtu na redio yake, wakaandika "Marahaba," kwa sababu mzee asiyeitikia shikamoo ataambiwa ana kinyongo. Mzee mmoja wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho aliyehamia kwetu, alituma "Asalaam aleikum," naye aliitikiwa na Waislamu kwa jibu lake na Wakristo kwa heshima. Halafu zikaja habari za kuamka, habari za watoto, habari za mvua. Kila "salama" iliyosemwa na mmoja ilisemwa tena na redio zote zilizoisikia, bonde hadi bonde.

Mama yangu mwenyewe alikuwa bingwa. Hakujua kuandika kwenye simu, lakini alikaa jikoni na mdogo wangu akimwamrisha: "Msalimie mama wa pale juu, muulize mguu. Msalimie katekista. Mwambie dada yako nimekula." Mdogo wangu alisema mama hajawahi kufurahi hivyo tangu baba afariki. Watu waliotenganishwa na vilima kwa miaka walikuwa wamerudishiwa majirani wao. Nikisema sikuona uzuri wa jambo hilo nitakuwa mwongo.

Lakini niliona pia kwamba kila asubuhi ujumbe wa bondeni ulianza kuchelewa, na mwingine haukufika kabisa. Nikaandika sheria nikazipeleka kwa Mwalimu nyumbani kwake. Nilimkuta anakunywa togwa barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

Nikamweleza. Salamu zisitumwe hewani, na mtu akiomba msaada wengine wote wanyamaze. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja karatasi.

"Binti yangu, umesalimia ulipoingia hapa?"

"Nimesalimia."

"Ungeanza tu kusema shida yako, ningekuonaje?"

Akanimiminia togwa. Sheria zile hazikusomwa kwenye kikao chochote.

Ilikuwa Jumapili, wakati wa masika, misa ya pili imeshatoka na watu wako majumbani wanasubiri mvua ipungue. Redio yangu ikalia, nikasoma ujumbe wa mdogo wangu: "Mama amezidiwa. Hapumui vizuri. Tunambeba kuja barabarani. Dada leta gari."

Nilifurahi. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: kabla ya hofu, nilifurahi kwamba ujumbe umefika. Nilikimbia kwa jirani yangu muuza mbao mwenye pikapu, naye hakuuliza swali, alichukua ufunguo. Tulishika barabara ya chini, ile ya kila siku, inayoishia kwenye daraja la magogo chini ya kijiji.

Tukiwa njiani redio ilianza kulia mfululizo mapajani mwangu. "Pole sana dada yetu." "Poleni familia." "Mungu atamjalia nafuu." "Sisi wa jumuiya tunasema pole." Mwingine ambaye ujumbe wa kwanza haukumfikia aliuliza, "Kuna nini jamani?" Watu kadhaa wakamjibu, na yeye akatoa pole yake. Mzee wa korosho akaandika, "Allah amponye, inshallah." Wengine wakasema amina. Nilizisoma zote nikitafuta jina la mdogo wangu, na sikuliona.

Tulipofika kijitoni daraja halikuwepo. Maji yalikuwa mekundu na mapana, na magogo yameondoka, yamebaki matatu upande wetu. Ng'ambo hapakuwa na mtu.

"Tuwasubiri, dada," jirani alisema. "Na mgonjwa hawawezi kwenda haraka."

Nikaandika: "Niko darajani. Daraja limekwenda. Mko wapi?" Nilipata majibu kwa haraka sana. "Pole dada." "Poleni kwa daraja." "Pole, muwe wavumilivu."

Tukasubiri. Nilisimama kwenye mvua na simu ndani ya mfuko wa plastiki, nikitazama njia ya ng'ambo inapotokea kwenye mahindi, na kila redio ilipolia moyo uliruka, na kila uliporuka ilikuwa ni pole. Sijawahi kuchukia neno katika maisha yangu kama nilivyolichukia lile. Nilifika mahali nikawatukana kwa sauti, wacha Mungu watupu, watu waliokuja kwenye kipaimara changu, na jirani yangu akageuka akatazama matairi ya gari lake.

Muda mrefu ukapita, pole zikapungua. Nadhani watu walikuwa wamekwenda kula. Ndipo ujumbe wa mdogo wangu ukapita: "Mama ametutoka. Tuko barabara ya juu, njia panda ya misheni."

Kutoka darajani hadi njia panda ile ni lazima urudi nyuma uzunguke, na barabara ilikuwa tope tupu. Tuliwakuta kando ya barabara, wanaume waliomsaidia mdogo wangu wamechuchumaa chini ya turubai, na mama kwenye kitanda cha kamba walichombebea, amefunikwa khanga mpaka usoni. Niliifunua. Alikuwa bado ana joto shingoni.

Mdogo wangu hakuinuka.

"Dada, nilikuandikia," alisema. "Tuliposhuka tukaona daraja limekwenda nikakuandikia hapohapo kwamba tunapanda juu, uje huku. Njiani nikaandika tena. Tulipofika hapa nikaandika mpaka mkono ukachoka."

"Haukufika hata mmoja."

"Nilikuwa naona pole tu."

Nikamuuliza kwa nini hakutuma mtu kichuguuni apige simu. Akanitazama kwa mshangao, kisha nikaona ameelewa, na nikatamani nisingeuliza. Tangu redio zije hakuna aliyekuwa anapanda kichuguuni tena. Njia yenyewe ilikuwa imeota majani.

"Alikuwa anasema," mmoja wa wale wanaume aliniambia, akidhani ananifariji. "Tulipofika hapa alikuwa na sauti kabisa. Alikuwa anauliza kama gari limefika."

Siku zilizofuata nilimpigia yule fundi Dar es Salaam. Alinieleza nilichokuwa nimeshakijua: redio ya mdogo wangu ilikuwa ukingoni kabisa, ujumbe wake ulitakiwa kurukaruka juu ya migongo ya redio nyingi ili unifikie, na migongo yote ilikuwa imebeba pole. Zile pole za upande wetu wa vilima zilikuwa karibu nami, zilipita. Mfumo wa pili, alisema, labda ungehimili. Labda, kwa sababu hata huo si muujiza. Kisha akasema, "Pole sana, dada." Nikakata simu.

Mwalimu alikuja msibani na kamati nzima. Walileta mchele na sukari, wakakaa na sisi usiku wote, na asubuhi walichimba kaburi pamoja na vijana. Siwezi kuwalaumu kwa lolote linaloonekana kwa macho. Lakini kabla ya kuondoka Mwalimu alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba, pamoja na uchungu huu, tumshukuru Mungu kwa mtandao wetu, kwani taarifa ya ugonjwa wa mama ilifika kila kona mara moja, na familia haikukaa peke yake hata kidogo. Watu wakaitikia. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, na shangazi alinishika mkono kwa nguvu sana, kwa maana alinijua.

Tulipomaliza tanga niliomba kikao. Nikawaambia yote: daraja, barabara ya juu, ujumbe ambao haukufika, kitanda cha kamba. Sikulia, maana nilikuwa nimepania kutolia. Nikaomba tubadili mfumo, na kama hatubadili, basi tukubaliane jambo moja: mtu akiita msaada, wengine wote tunyamaze.

Wengine walikuwa wanajifuta macho. Halafu mama mmoja mtu mzima, rafiki wa mama yangu kwenye chama cha akina mama parokiani, aliinua mkono. Najua aliandikiwa na mjukuu wake, najua pole yake ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa.

"Mwanangu, mimi sijasoma, uniwie radhi. Mtu ana shida kubwa namna ile, nami nimesikia, halafu ninyamaze. Mfiwa atajuaje kwamba nililia naye?"

"Ukinyamaza, mama," nikamwambia, "pengine asiwe mfiwa."

Nilidhani nimewapata. Mwalimu aliacha muda upite, kama alivyofanya darasani mtoto akijibu kwa jeuri, kisha akasema kwamba maneno ya mwenye uchungu hayashindanishwi, na kwamba saa ya kifo hupangwa na Mungu, haipangwi na redio. Akaitisha mikono. Wa kubadili mfumo tulikuwa mimi, mzee wa korosho, na mkunga mmoja wa Mpitimbi. Sheria ya kunyamaza haikupigiwa kura; walisema ni ngumu kuitekeleza, kwani nani atamkataza mtu kuwa na utu?

Nilikusanya karatasi zangu nikatoka. Mlangoni yule rafiki wa mama alinisubiri. Alikuwa ameinua mkono upande ule mwingine, nilimwona kwa macho yangu. Alinishika mikono yote miwili na kuikandamiza kifuani kwake, na machozi yake yalikuwa ya kweli, yalidondoka mpaka kwenye vidole vyangu.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

Alisubiri. Watu wazima hawaachii mkono mpaka waitikiwe, nami nililelewa vizuri.

"Asante, mama," nikamwambia. "Nimeshapoa."